Mkono wa Kushoto Hautoi Faili

Ukitaka kumuudhi Opereta, mshike mkono umvushe barabara. Atasimama katikati ya lami, pikipiki zikimpita huku na huku, akuulize taratibu kabisa ni wapi alikuomba msaada. Ukishajiuma-uma atakuuliza unaishi mtaa gani na kama wazazi hawajambo. Mimi nilinaswa hivyo wiki ya pili tu ya kufahamiana naye, na kwa kuwa mimi mwenyewe sioni, tulikuwa vipofu wawili tumesimama katikati ya barabara ya Ipagala tunajuliana hali. Madereva wa bodaboda walipiga honi mpaka wakachoka, mmoja akazima pikipiki yake akatusubiri tumalize.

Sijui alizaliwa wapi hasa. Matamshi yake yalikuwa ya Kondoa, msikitini walimheshimu, na mkewe alimwita Opereta kama sisi wengine wote: "Opereta, chai." Jina hilo lilitoka kazini. Kwa miaka ishirini na kitu alikaa kwenye swichibodi ya ofisi moja ya serikali akipokea simu na kuziunganisha, kazi ambayo zamani walipewa sana watu wasioona kwa sababu inataka masikio na vidole tu. Siku moja mafundi walikuja wakaing'oa ile swichibodi. Kila ofisa alikuwa na simu yake mfukoni, na Opereta akabaki na kiti. Mwingine angelala usingizi mpaka astaafu, lakini yeye aliomba apewe kompyuta mbovu iliyokuwa imetupwa stoo, akaibeba nyumbani.

Mpaka mimi namfahamu, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, kompyuta nne, na wanafunzi wasioona wanaokuja na kuondoka. Hakuwa na kibao cha chuo wala cheti cha kumpa mtu. Ulikuwa unafuata sauti ya cherehani, ukiipita unasikia mtu anacheka, basi umefika.

Niseme kilichonipeleka, maana bila hicho nisingemjua. Nilikuwa karani wa masjala, ile sehemu ya ofisi ambako mafaili yote hupokelewa, hupewa namba, hutunzwa na kutolewa kwa anayeyahitaji. Presha ya macho ilinila polepole miaka sita. Mwaka ambao masjala yetu iliamua kuhamishia mafaili kwenye kompyuta, ndio mwaka ambao nilishindwa kuona hata kidole changu mwenyewe. Ofisa utumishi, mama mwenye huruma sana, aliniita akaniambia nisiwe na wasiwasi, mshahara utaendelea, atanitafutia sehemu ya kukaa. Alimaanisha mapokezi, nisalimie wageni mpaka nizeeke. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa na sikutaka kukaa. Nilimwomba miezi mitatu. Akanipa, kwa sharti kwamba ikiisha nitaonyesha mbele ya wakubwa kama naweza kutafuta faili, kulitoa na kulirudisha bila kushikiwa mkono. Nikishindwa, kiti cha mapokezi kinanisubiri.

Basi asubuhi moja nikapanda bodaboda hadi Ipagala, nikabisha hodi, nikasema shikamoo. Opereta akaitikia marahaba, akasikiliza hatua zangu zikiingia, kisha akaniuliza kama kwa kawaida huwa navaa kiatu cha mtu mwingine mguu wa kulia. Nikainama kupapasa. Kweli, nilikuwa nimevaa ndala moja yangu na moja ya dada yangu, nimetembea nazo toka nyumbani hadi kijiwe cha bodaboda, nimepita nazo kwa majirani wote waliokaa kimya wakinihurumia. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu niambiwe habari ya kutafutiwa sehemu ya kukaa, na nilipoacha kucheka nikakuta ananiuliza kazi yangu. Nikasema nilikuwa karani. Akasema hajauliza nilikuwa nani. Kuanzia saa ile hadi leo ananiita Karani.

Kompyuta zake hazikufanana na za ofisini. Vijana wawili wa chuo kikuu waliokuwa wakija kumsaidia walinieleza kwamba hazina picha wala vidirisha vya kubofya. Skrini ni nyeusi tupu yenye maandishi, wao wanaiita terminali, na ndani yake kuna programu ya kupangia mafaili ambayo kila kitu kinafanywa kwa kibodi. Unabonyeza kitufe, faili linafunguka. Unabonyeza kingine, linahamia pengine. Na kuna sauti inayokusomea kilichopo. Sauti hiyo ilikuwa inasema Kiswahili kwa shida, inakata maneno katikati na kupandisha pasipostahili, kwa hiyo Opereta aliipa jina la Mgeni. Kila asubuhi akiwasha kompyuta alimsalimia Mgeni kabla hajatusalimia sisi, akidai kuwa sisi tumelala kwetu ilhali yeye yuko ugenini.

Siku yangu ya kwanza na Mgeni sitaisahau. Vijana wa chuo walikuwa wameipanga ile programu kwa safu mbili, mafaili ya kabrasha moja kushoto na ya kabrasha lingine kulia, kwa kuwa kwa mtu anayeona inapendeza. Ila Mgeni yeye anasoma mstari mzima toka mwanzo hadi mwisho, hajui kama katikati kuna ukuta. Akaanza kunisomea: maombi ya likizo ya uzazi, mkurugenzi. Taarifa ya mbuzi waliokufa, sherehe ya kumuaga mhasibu. Malalamiko kuhusu choo, mgombea nafasi ya udereva. Katikati ya kila jozi alitangaza "mstari wima, mstari wima" kwa kuwa ule ukuta nao ni herufi. Nilidhani nimerukwa na akili. Opereta alikuwa ameegemea meza anacheka kimya kimya, tumbo linatikisa meza. Aliwaambia vijana kwamba sikio linasikia kimoja kimoja, wamwondoe huyo jirani wa kulia haraka kabla mkurugenzi hajajifungua. Wakamwondoa, Mgeni akabaki na safu moja, na dunia ikatulia.

Kitu alichokijua kuliko vingine vyote ni faili la mipangilio. Kila programu ya namna ile ina faili dogo la maandishi ambamo unaiambia kitufe fulani kifanye kazi fulani, mstari kwa mstari. Sisi wengine tungeona ni usumbufu. Yeye alikaa humo jinsi watu wengine wanavyokaa kwenye bustani, anang'oa hapa, anapanda pale, anajaribu, anatukana, anaanza upya. Wale vijana walikuwa wamempangia vitufe kwa herufi za maneno, F kwa kufuta, N kwa kunakili, H kwa kuhamisha, na waliona wamefanya jambo la maana. Opereta alivifuta vyote wakiwa wamekaa palepale. Aliwaambia kidole hakisomi, kinakumbuka mahali. Kwenye swichibodi, alisema, hakuna siku aliyotafuta herufi ya jina la mkubwa; alijua yuko shimo la tatu kutoka juu, karibu na kucha ya dole gumba.

Kanuni yake kubwa ilikuwa ya mikono. Kwa malezi yetu, kitu unampa mtu kwa mkono wa kulia. Unakula nao, unasalimia nao, unapokea nao. Mkono wa kushoto una kazi zake na sote tunazijua. Opereta alichukua malezi hayo akayaingiza kwenye kibodi bila kupunguza hata moja. Kila kitufe cha kufungua, kusoma, kutoa na kurudisha kilikaa upande wa kulia. Kila kitufe cha kutupa, kuhamisha na kufunga kilikaa kushoto. Kidole cha shahada cha kila mkono kilipewa kazi nzito kuliko vyote, kwa sababu kwenye F na kwenye J kuna kinundu kidogo ambacho kidole hukipata bila kutafuta. Kulia, J, kutoa faili: nakala inakwenda kwa aliyeomba. Kushoto, F, kutupa kapuni. Alisema mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kukosea kwenye kibodi hicho hata akiwa na homa. Tutafika huko.

Nilifikiri kwa kuwa mipangilio yake ni mizuri hivyo, atanipa nakala niitumie, miezi mitatu si mingi. Akanipa faili tupu. Nikadhani amekosea, nikamrudishia. Akanirudishia tena. Nilikasirika, nikamwambia wazi kwamba ana roho mbaya, kwamba yeye kashastaafu na chai yake ipo, mimi kiti cha mapokezi kinaniita. Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe, akasimama hapohapo. Opereta hakuinua sauti. Aliniuliza kule masjala ya zamani, enzi za makaratasi, nilikuwa navutaje faili kwenye rafu. Nikasema navuta tu. Akasema nimwonyeshe.

Wiki nzima tulikaa kwenye meza tupu, kompyuta zimezimwa, mimi navuta mafaili ya hewani. Ikaonekana kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa unavuta kwa vidole viwili, cha kati na cha shahada, na wa kushoto ulikuwa unayazuia mengine yasianguke. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka kumi na sita na sikujua. Opereta alikuwa ameweka viganja vyake juu ya mikono yangu anafuata kila kitu, na alipogundua vile vidole viwili alifurahi kama mtu aliyeokota simu iliyopotea. Vitufe vyangu vikatoka humo, ila kanuni yake ya mikono hakuniruhusu kuigusa: J ikabaki kutoa, F kutupa. Kidole cha kati, K, kikapewa kurudisha, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikisukuma faili lirudi kwenye nafasi yake. Nilipobonyeza mara ya kwanza Mgeni akatangaza kwamba faili limerudi mahali pake, nilimkumbatia Opereta, nikamkumbatia mkewe, nikamkumbatia na fundi cherehani aliyekuja kuuliza kuna nini.

Na hapo bado alikuwa hajaniruhusu kutoa faili hata moja. Wiki mbili zilizofuata nilifundishwa kurudisha tu. Yeye alikuwa anatupa mafaili yangu kapuni, anayahamisha, anayaficha ndani ya makabrasha yenye majina ya ajabu, na mimi nayasaka na kuyarudisha. Kabrasha moja aliliita Samaki wa Bahi, lingine Deni la Mchungaji, lingine Usifungue Wewe. Wakati mwingine alikuwa anatupa kila kitu, kabrasha zima la mazoezi, halafu anakwenda kuswali adhuhuri akiniacha na kapu limejaa. Akirudi anauliza kama wamo wote. Niliota ndoto za kapu.

Watu wakimsikia hivi humfikiria kuwa mtu wa nidhamu. Haya, tusikilizane. Alikuwa ametupiga marufuku kula karibu na kibodi, na kibodi chake mwenyewe kilikuwa na mbegu za ubuyu chini ya vitufe mpaka kitufe cha nafasi kikibonyezwa kinatafuna. Alisema mtu asiyeona hapaswi kutembea akitaka huruma, lakini mpeleke kwenye foleni ya mashine ya kutolea fedha uone. Fimbo ilikuwa inaanza kugonga ardhi kwa nguvu, mgongo unapinda, sauti inazeeka miaka ishirini, na watu wote wanampisha baba wa watu. Tukitoka pale ananyooka, anatembea kasi mpaka namwomba anisubiri. Nilimuuliza haoni aibu. Alisema hao watu wametoka nyumbani asubuhi wakitafuta jema la kufanya, na yeye amewarahisishia.

Kwa samaki ndiyo alikuwa mtoto kabisa. Perege wa Bahi wakiletwa, yule aliyekataa kuvushwa barabara alinyoosha sahani kwa mkewe atolewe miiba, wote, hata ule mdogo wa mkiani, na mkewe akimcheka alisema swichibodi haikuwa na miiba. Walipendana wale watu. Ningeweza kuandika kurasa nzima za ugomvi wao kuhusu sauti ya redio.

Sauti yake ndiyo iliyompa umaarufu mjini. Wazee waliokuwa maofisa zamani wakikutana naye sokoni walikuwa wanasimama bila kujua kwa nini, kwa sababu sauti ile iliwahi kuwaambia kwamba bosi yuko kwenye laini. Mtu akikosea namba akampigia simu kwa bahati mbaya, Opereta hakukata. Alimuuliza anamtafuta nani, wa idara gani, na mara mbili nilimshuhudia akimpata yule anayetafutwa kwa kupiga simu tatu nne kwa watu anaowajua. Alikuwa anashukuru Mungu kabla ya kukata, utadhani yeye ndiye aliyekuwa na shida.

Miezi mitatu ikaisha. Siku ya kuonyesha, ofisi ilileta watu wanne: ofisa utumishi, mkuu wa masjala, kijana wa kompyuta ambaye alikuwa ameingiza ile programu yangu kwa kunung'unika, na mkurugenzi mwenyewe, mzee mwenye sauti ya upole. Mgeni aliwekewa spika ili wote wamsikie.  Walinipa namba, nikatafuta, nikapata. Walinipa jina bila namba, nikapata. Kijana wa kompyuta akanitajia faili la viwanja ambalo lilikuwa limewekwa kabrasha lisilo lake, akidhani amenikomesha. Nilikuwa nimetoka kwenye Samaki wa Bahi na Deni la Mchungaji. Nililipata kabla hajamaliza kukohoa.

Halafu mkurugenzi akasema, kwa sauti ile ya upole, "Mama, naomba sasa unipe hilo faili la viwanja."

Angeniamuru tu ningekuwa salama. Ila aliomba, tena vile wanavyoomba watu wazima wenye heshima zao, na mimi nikafanya alichonifundisha marehemu mama yangu: mkubwa humpi kitu kwa mkono mmoja ukauacha wa pili umelala. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye J kutoa. Mkono wa kushoto ukaufuata kwa adabu, usiachwe nyuma, na kidole chake cha shahada kikatua kilipozoea kutua, juu ya kinundu cha F. Mgeni akatangaza kwa spika, kila neno mahali pake, kwamba nakala imetolewa na faili limetupwa kapuni.

 Kijana wa kompyuta aliachia kicheko kidogo cha puani. Nilihisi kile kiti cha mapokezi kikivutwa taratibu kuja nyuma yangu. Na hapo, kwa hofu, nami nikaanza kucheka, kicheko kibaya kisichozuilika, na nikiwa nacheka kidole changu cha kati kilikuwa tayari kimeshakwenda kwenye K peke yake bila kuniuliza. Mgeni akasema limerudi mahali pake. Zilikuwa zimepita sekunde tatu labda.

Ofisa utumishi akataka kujua nini kimetokea. Sikuwa na uongo wa haraka, nikamweleza kila kitu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mama yangu. Wa kwanza kucheka alikuwa mkurugenzi. Alisema hajawahi kutupiwa faili kwa heshima kubwa kiasi hicho. Mkuu wa masjala, ambaye hakuwa mtu wa maneno, ndipo akasema kwamba mwezi uliopita faili la aina hiyo hiyo lilipotea wiki mbili, likakutwa chini ya chupa ya chai ya mtu mwenye macho mawili mazima, kwa hiyo yeye anamtaka huyu anayelirudisha. Ofisa utumishi alipiga meza kofi moja dogo. Nikabaki na kazi yangu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Ipagala. Opereta alinifanya nisimulie mara tatu, mara ya pili kwa ajili ya mkewe na ya tatu kwa ajili ya fundi cherehani, na kila nilipofika kwenye kidole cha F alipiga magoti yake kwa viganja. Kisha akaacha kucheka. Alisema kosa lilikuwa lake. Aliwapangia vitufe watu waliolelewa vizuri akasahau namna walivyolelewa. Akafungua faili lake la mipangilio, lile alilokataa kunipa, na mbele yangu akabadilisha mkono mzima wa kushoto, kila kitufe kibonyezwe mara mbili ndipo kifanye kazi, ili mkono ukija kwa adabu tu usilete madhara. Mkorofi huyu alikuwa amekataza watu kuigana mipangilio, na sasa ananiiga mimi. Nilimkumbusha. Alisema kuiga na kuunganishwa ni vitu viwili, na nikimuudhi atanihamishia kwenye Usifungue Wewe.

Baadaye alihamia Chemba kwa binti yake, mkewe alipoanza kusumbuliwa na miguu. Tulizungumza kwa simu sikukuu hadi sikukuu. Mimi niliendelea na masjala, nikapandishwa, nikawa na wasaidizi wawili wanaoona ambao hunijia wakipotelewa na mafaili.

Mwaka jana, msimu wa upepo, vumbi limejaa mpaka kwenye meno, nilisikia fimbo kwenye korido na hodi ambayo nisingeweza kuikosea. Nilisimama nikampa shikamoo kabla hajaingia. Akaniitikia, akasema amekuja kikazi, tumalize kikazi kwanza. Ofisi yake ya zamani ilikuwa imeunganishwa na yetu na mafaili yake ya watumishi yako kwangu, na yeye alitaka faili lake. Nikaweka mikono kwenye kibodi, na ndipo nikagundua sijui niandike nini. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza jina.

"Jina kamili, mzee wangu," nikasema.

Akanitajia. Nikaliandika, Mgeni akalitafuta, akalipata. Jina hilo nitaliacha kwenye faili, ndiko mahali pake.

Akanieleza anachotaka. Mwaka ule mafundi walipoing'oa swichibodi, mkubwa wake aliandika dokezo ndani ya faili, mistari michache tu, kueleza huyu mtu asiyeona afanywe nini sasa. Mwenzake mmoja alilichungulia akakataa kumwambia lilivyosema. Amekaa nalo moyoni miaka yote. Hataki kulalamika kwa mtu, hataki kudai kitu, anataka kusikia tu walimwonaje. Akasema nimsomee. Mkuu wa masjala hakuwepo, wasaidizi wangu walikuwa wamekwenda kunywa chai, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kusoma. Ingechukua sekunde tano.

Sijawahi kutamani kuvunja utaratibu kama siku ile. Vidole vile vilikuwa vyake kuliko vilivyokuwa vyangu. Lakini faili la mtumishi, kwa utaratibu wetu, halisomewi mtumishi bila barua na kibali, na kama ningemsomea kwa sababu ni yeye, basi nilikuwa mtu aliyewekwa pale kwa hisani anayegawa hisani. 

"Opereta, faili ninalo. Kukusomea siwezi. Andika barua ya maombi, ipite kwa mkuu wa masjala, akiidhinisha nitakusomea neno kwa neno." Nikaondoa mikono kwenye kibodi. "Leo hayupo. Njoo kesho."

 Nilisikia upepo unatikisa dirisha. Nilijua nimemkosea mtu aliyenirudishia maisha yangu, na mikono yangu ikaanza kutafuta kitufe cha kusoma tena, potelea mbali. Ndipo nikasikia kiti chake kinatikisika. Alikuwa anacheka, tumbo zima, kama siku ile ya jirani wa kulia, akawa hawezi kusema, akaomba maji, nikampa kwa mikono yote miwili.

"Karani," akasema alipopata pumzi, "nimezungushwa na ofisi zote za mji huu na watu wanaoona. Sijawahi kuzungushwa na mwenzangu."

Alisimama, akanishika mkono, akaubana kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniumiza. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Kisha akatoka, na kwa korido nzima nilimsikia akimwambia kila aliyepishana naye, mlinzi, mfagizi, mgeni asiyemjua, kwa ile sauti yake ya swichibodi: mwanafunzi wangu kaniambia nije kesho. Alikuja, saa mbili kamili, na barua mkononi.